Muyembe ni Muyembe: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Kiingereza wa Kolwezi

Walimu wenzangu wa Manika na Dilala, na ninyi mnaofundisha Fungurume, Lubudi, Kasaji na kwingineko Lualaba,

Nawaandikia nikiwa Manika, na daftari la mwanafunzi liko wazi mbele yangu. Niliwapa watoto kazi ya kuandika kwa Kiingereza habari za mwanasayansi wanayemheshimu. Wengi walimchagua Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, na moyo wangu ulifurahi, kwa maana zamani kazi kama hiyo ilileta Newton na Einstein peke yao. Lakini nilipoanza kusahihisha niliona mtu mmoja amegeuka watu wanne. Yuko aliyemwita "Doctor Jean-Jacques" tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Yuko aliyemwita "Mr. Jacques". Wachache waliandika "Muyembe". Na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aliandika "Tamfum" kila mahali: Tamfum alifika Yambuku, Tamfum alichukua damu ya wagonjwa, Tamfum alipewa tuzo. Nikampigia mstari mwekundu.

Kesho yake akaja na simu. "Mwalimu, muangaliye, huku balimuandika Tamfum." Nikatazama. Ilikuwa makala ya kitabibu ya Kiingereza, na katika orodha ya waandishi lilikuwapo jina Tamfum, likifuatwa na herufi J, J na M. Yaani Muyembe, jina ambalo nchi nzima inamjua nalo, lilikuwa limefupishwa likawa herufi moja, kana kwamba ni jina la ubatizo.

Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Mtoto hakubuni kitu. Alisoma kilichochapwa, akakiamini, kama tunavyomfundisha. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mwaka uliopita kwamba jina la ukoo kwa Kiingereza ni "last name", jina la mwisho. Kosa lake lilitoka ubaoni kwangu. Ndiyo maana barua hii siielekezi kwa wachapishaji wa mbali. Naielekeza kwetu sisi, tunaoshika chaki.

Tuanze na kadi ya uchaguzi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho tulicho nacho. Ina mistari mitatu ya majina: Nom, Postnom, Prénom. Kwa mpangilio huo profesa ni Muyembe Tamfum Jean-Jacques, na mwenye kutafuta jina la mwisho ataondoka na Jean-Jacques. Yageuze majina kwa desturi ya Wazungu, yawe Jean-Jacques Muyembe Tamfum, kisha utafute tena jina la mwisho: utaondoka na Tamfum. Uanzie huku au kule, Muyembe hapatikani, kwa kuwa siku zote yuko mwanzoni au katikati. Kanuni ya "jina la mwisho" haiwezi kabisa kumpata Mkongomani. Kwa hiyo naomba neno hilo tuliondoe katika masomo yetu. Tufundishe "surname", na tueleze kwamba hilo ndilo jina ambalo mtu anaorodheshwa nalo, popote liliposimama.

Wazee wetu wanakumbuka mistari hii mitatu ilikotoka. Mwaka 1972, katika siku za siasa ya uhalisi (authenticité), Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Waliokuwa Joseph na Marie katika vitabu vya parokia wakalazimika kutafuta jina la babu au bibi ili wajaze pengo. Mfumo ulipolegea miaka ya 1990, majina ya ubatizo yalirudi, lakini yale ya mababu hayakuondoka, na vizuri hayakuondoka. Ndiyo sababu leo tuna matatu. Zaidi ya hayo, kwetu jina halishuki lazima kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wote. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na Nom tofauti kabisa, mmoja amebeba jina la babu mzaa baba, mwingine la shangazi aliyefariki kabla hajazaliwa. Mwingereza anayedhani kila jina la ukoo ni la familia nzima atapotea hapa, na mwanafunzi wetu ndiye atakayetakiwa kumwongoza. Ataongozaje kama sisi hatukumwambia?

Msiseme Kiingereza hakiwezi. Kiliweza kwa Mobutu. Alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na magazeti ya London na New York yalimwandika Mobutu, hayakumwandika Banga. Walijua jina lake ni lipi kwa sababu walimwogopa au walimhitaji. Mtu wa maabara naye anastahili kujulikana jina, hata asipotisha.

Na huyu wa maabara tumkumbuke vizuri, maana watoto wetu wanamtaja bila kujua uzito wake. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini kabisa, ambako watu walikuwa wanakufa kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, ambako virusi vipya vilionekana. Vikaitwa Ebola, kwa jina la mto. Kisha kwa miaka mingi habari hiyo ilisimuliwa kwa Kiingereza kama habari ya watu wa Ulaya na Marekani, na yeye akabaki pembeni. Mwaka 1995, ugonjwa ulipozuka Kikwit, aliongoza mapambano, na wagonjwa 8 wakaongezewa damu ya waliopona; 7 wakaishi. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilipatikana baadaye kingamwili iitwayo mAb114, na dawa iliyotokana nayo ilikubaliwa Marekani Desemba 2020. Mtu aliyengoja zaidi ya miaka 40 ili atajwe, basi akitajwa, atajwe kwa jina lake.

Makala nyingi za Kiingereza siku hizi zinamwandika Muyembe-Tamfum, kwa kistari katikati. Naona hii ndiyo njia iliyo salama. Kistari kinayafunga majina mawili yawe moja, na mashine inayopanga orodha haiwezi tena kumtupa Muyembe upande wa ubatizo. Lakini fikirini mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta kazi zake zote. Akitafuta Muyembe atapata baadhi. Akitafuta Muyembe-Tamfum atapata nyingine. Nyingine zimelala chini ya herufi T, mahali ambapo hakuna Mkongomani atakayefikiri kutazama. Katika hotuba, katika insha, mkitaja mara ya pili na ya tatu, semeni Muyembe. Ndivyo anavyoitwa Kinshasa, ndivyo redio inavyomwita, na ndivyo tulivyomwita sote mwaka 2020 alipoongoza mapambano dhidi ya Covid.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo nimeligeuza kuwa somo zima darasani, na nawashauri mlijaribu. Mwaka 2019, Yokohama, alikabidhiwa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Waulizeni wanafunzi: jina la ukoo la mtu ambaye tuzo imeitwa kwa jina lake ni lipi? Watajibu Noguchi, na watakuwa wamepata, lakini kwa bahati tu. Kwa Wajapani mtu huyu ni Noguchi Hideyo, ukoo mbele, jina la kupewa nyuma, sawasawa na kadi yetu. Alikuwa mtafiti wa vijidudu aliyekwenda Accra kuchunguza homa ya manjano, ikamuua huko mwaka 1928. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 1000 tangu 2004 mpaka noti mpya zilipotoka 2024. Kwa zaidi ya miaka mia Wajapani walikubali kuyapindua majina yao kila wanapoandika Kiingereza. Halafu serikali yao ikasema basi: tangu Januari 2020 hati zake za Kiingereza zinaandika ukoo mbele, kama nyumbani. Kiingereza hakikufa kwa hilo. Wachina nao ndivyo walivyo. Bibi aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, ambayo ndiyo asili ya vidonge vya malaria tunavyomeza kila msimu wa mvua, ni Tu Youyou. Tu ni ukoo. Anayemwita "Dr. Youyou" amefanya lile lile la "Doctor Jean-Jacques".

Sasa nije kwenye mawe yetu wenyewe, kwani hapa Kolwezi suala la jina la mwanasayansi liko chini ya viatu vyetu.

Mwaka 1921 mtaalamu wa madini wa Ubelgiji, Alfred Schoep, alieleza jiwe la rangi ya chungwa kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Alilipa jina la mwanafizikia Pierre Curie: kuriti. Mwaka 1924 akaeleza jiwe jingine la machimbo yale yale, la njano, lenye nyuzi nyembamba kama sindano, na hili akalipa jina la mke wa Pierre. Jina Curie lilikuwa limekwisha kutumika kwa mume. La mke likawa sklodowskiti, kutokana na jina alilozaliwa nalo Warsaw mwaka 1867: Maria Skłodowska. Miaka michache baadaye, mwaka 1933, Johannes Vaes alieleza jiwe ndugu na hilo, lenye shaba ndani yake na rangi ya kijani kibichi, kutoka Kalongwe, kusini-magharibi mwa mji wetu. Ndiyo kuprosklodowskiti. Sindano zake nzuri zaidi zimetoka Musonoi, hapa hapa mlangoni kwetu, na makumbusho ya ng'ambo yanaziweka ndani ya vioo. Nikiwa hapo niseme moja ambalo si la Kiingereza: jiwe hilo lina urani. Mtoto akilileta darasani kwa sababu ni zuri, msiliache mezani wala mfukoni mwake.

Kwa hiyo ardhi ya Katanga ilifanya kitu ambacho vitabu vingi vya shule havifanyi. Ilimpa mke jina lake na mume jina lake. Katika insha za watoto wetu mama huyu ni "Curie" tu, na kwa kuwa "Curie" halionyeshi mwanamke wala mwanamume, na Kiswahili chetu kinasema "alipata tuzo" kwa wote wawili, mtoto anaandika "he". Nimeisahihisha "he" hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwanamke wa kwanza kupata Nobel, na mtu wa kwanza kuipata mara mbili, mwaka 1903 na 1911, anageuka mwanamume katika daftari la msichana wa Manika. Hilo linaniuma kweli.

Tuwafundishe hivi. Mara ya kwanza aandikwe kwa ukamilifu, Marie Skłodowska-Curie. Kama mumewe yumo ndani ya insha, kila mmoja atajwe kwa jina linalomtofautisha, maana "Curie" pekee halimwelezi msomaji ni nani aliyefanya nini. Na binti yao Irène Joliot-Curie, aliyepata Nobel mwaka 1935, anazidisha mkanganyiko. Skłodowska-Curie mwenyewe hakulificha jina la kwao. Aprili 1898, andiko lake kuhusu miale ya urani na thoriamu lilisomwa Paris kwa jina la Bibi Skłodowska Curie. Wenzangu mtaniambia jina hilo ni gumu. Si gumu kwa watu wanaotamka Nzenze na Mwangeji. Ile ł yenye mkwaju husikika kama w yetu, na w yao hapo inasikika kama f: Skwodofska. Msichana wa darasa langu alilitamka mara ya pili bila kukosea. Waambieni wanafunzi pia kwamba baba yake Skłodowska-Curie aliitwa Skłodowski. Mwisho wa jina hubadilika kwa mwanamke. Wapolandi hawaoni ajabu, na sisi tusione.

Lipo jambo ambalo limewasumbua wanafunzi wangu wapole kuliko wote. Kwetu kumtaja mkubwa kwa jina tupu ni utovu wa adabu. Mtu mzima ni Papa fulani, Mama fulani, Mwalimu, Profesa. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa vizuri anaandika "Mr. Newton" na "Mister Einstein", na ukimwambia aondoe "Mr." anakutazama kama umemwambia amtukane babu. Tumweleze kwa subira. Katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza jina la ukoo likisimama peke yake ni heshima. Linasema kwamba mtu huyu anajulikana, hahitaji utambulisho. Lakini heshima hiyo iko kwa jina la ukoo tu. Kumwita mwanasayansi "Jean-Jacques" au "Marie" kwa jina la ubatizo pekee ni kumwita kama mtoto wa jirani, na nimegundua kwamba wanawake na Waafrika ndio wanaofanyiwa hivyo zaidi. Hakuna anayeandika "Isaac aligundua". Leonardo ameachiwa, kwa sababu "da Vinci" maana yake ni mtu wa Vinci, kijiji chake, kama sisi tunavyosema mtu wa Kamina. Hilo halikuwa jina la ukoo, na wanaomjua vizuri humwita Leonardo.

Mengine ni madogo, nayapitia upesi. Tuache kuandika "the Newton's law". Ile "the" inatoka katika Kifaransa chetu, na Kiingereza hakiitaki hapo. Vipimo vilivyoitwa kwa majina ya watu huanza kwa herufi ndogo: newton, volt, ampere, becquerel, curie. Alama zake ndizo zinazochukua herufi kubwa, N, V, A, Bq, Ci. Nyuzijoto za Celsius zinabaki na C kubwa. Vijana wetu watakaofanya kazi kwenye matangi ya kusafishia shaba kwa umeme watayaandika maneno haya kila siku kwenye ripoti zao, na mkaguzi atayasoma.

Najua baadhi yenu mtasema hili ni jambo la vitabuni, na Kolwezi ina shida nyingine. Nijibu kwa tukio moja. Mwanafunzi wangu wa zamani alipata kazi katika machimbo fulani ambayo sitayataja. Fomu ilikuwa ya Kiingereza: "First name", "Last name". Akafuata mpangilio wa kadi yake ya uchaguzi, neno kwa neno, kama kijana mwaminifu. Jina la baba yake likaingia chini ya "First name", jina la ubatizo chini ya "Last name", na postnom, jina la babu aliyemlea, halikupata kisanduku. Beji ikatoka hivyo. Benki nayo ilikuwa na majina kwa mpangilio mwingine. Mshahara wa mwezi wa kwanza ulizuiwa kwa sababu mtu wa kwenye beji na mtu wa kwenye akaunti hawakuwa mtu mmoja, na mke wake alikuwa amekaribia kujifungua. Alikuja kwangu nimsaidie kuandika barua ya Kiingereza ya kueleza kwamba yeye ni yeye. Tuliiandika pamoja usiku ule, na nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno ya fomu ile.

Basi ninachowaomba ni hiki, na nimekwisha kuanza kukifanya. Kabla ya somo la Newton, mpeni kila mtoto somo la jina lake mwenyewe kwa Kiingereza. Aandike majina yake matatu, aonyeshe lipi ni la kuorodheshwa, aamue kama la pili litafungwa kwa kistari au litaachwa peke yake, na akishaamua aandike vile vile kila mahali: shuleni, benki, kwenye pasi, kwenye mtihani. Halafu ndipo tumletee Muyembe, Tu, Noguchi na Skłodowska-Curie, na ataona mwenyewe kwamba swali ni lile lile. Tukikutana kwenye mikutano yetu ya walimu tukubaliane namna moja ya kuwaandika hawa, ili mtoto anayehama kutoka Manika kwenda Dilala asikute Profesa Muyembe amebadilishwa jina ng'ambo ya barabara. Na walio na uwezo wa kuwaandikia wahariri wa majarida ya nje, wawaandikie. Mimi nimeanza.

Kijana wa Tamfum nilimwita tena. Nilifuta ule mstari mwekundu kwa sababu hakustahili kuadhibiwa kwa kosa la watu wazima, nikaandika Muyembe pembeni, nikamweleza yote niliyowaeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yeye mwenyewe ataitwaje kwa Kiingereza. Nikampa chaki. Aliandika majina yake matatu ubaoni, moja chini ya jingine. Akayaandika tena kwa mstari mmoja. Akaweka kistari kati ya la kwanza na la pili, akarudi nyuma hatua mbili akatazama, akakifuta kwa kidole, akasimama kidogo, akakiweka tena.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiingereza, Manika, Kolwezi